Kitabu cha Kuvukia Feri

Likizo yangu ndefu ya kwanza nilirudi nyumbani Likoni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na vitabu kumi na kimoja. Nilivifunga kwa kamba nikiwa bado bwenini huko bara, nikavishindilia chini ya begi, nguo juu yake, na utingo wa basi akanitoza pesa ya mzigo kwa uzito ule. Nikalipa bila kunung'unika. Mwezi wa nane, nilipolitoa begi lile lile kujiandaa kurudi chuoni, nilikuwa nimesoma kurasa arobaini za kitabu kimoja na dibaji ya kingine. Tisa vilikuwa kama nilivyovileta, ila unyevu wa pwani ulikuwa umeshayapinda majalada yakatazama juu kama ng'onda juani.

Iliniuma sana. Nilikuwa nasomea uhasibu, na kwetu sisi wa uhasibu hakuna mhadhiri atakayekulazimisha kufungua riwaya. Muhula mzima ni mizania, kodi na ukaguzi wa hesabu. Mimi napenda hadithi tangu udogoni, na nilijua fika kwamba nisiposoma likizoni basi mwaka umepita hivyo hivyo.

Nilivipanga kitandani nikavitazama kimoja kimoja. Vitatu nilivitoa kwenye orodha ya vilivyopata tuzo. Vinne alivisifu mwenzangu wa chumbani. Kimoja, kinene cha kurasa mia sita, nilikinunua kwa kuwa kila mtu niliyemheshimu alikuwa amekisoma nami niliona haya kusema bado. Vilivyobaki hata sikukumbuka vilifikaje mikononi mwangu. Hapakuwa na kimoja nilichokitwaa kwa sababu mimi mwenyewe nilitaka kujua jambo fulani. Na kila nilipokifungua kimoja, vile kumi vingine vilikuwa vinanidai, nikawa nasoma kwa haraka ya mtu anayelipa madeni. Kusoma kwa namna hiyo hakuingii.

Likizo iliyofuata, ya 2014, kabla ya kununua chochote nilichukua karatasi nikafanya kazi niliyofundishwa chuoni: nikahesabu. Mei hadi Agosti ukiitazama kutoka kwenye chumba cha mtihani inaonekana bahari isiyo na ng'ambo. Lakini asubuhi na mapema natoka nyumbani, navuka feri, nadandia matatu hadi dukani kwa Shangazi, Biashara Street, anakouza leso. Jioni nafunga naye duka, nasubiri feri tena, nafika nyumbani giza limeingia, namsaidia Mama jikoni. Mwisho wa Juni Ramadhani inaingia, na mwezi ule kitabu changu ni Qur'ani, wala sitaki kukishindanisha na kingine. Kisha wiki za kuelekea Idi duka halifungwi mapema, kila mwanamke wa Mombasa anataka leso mpya. Nilipotoa yote hayo nikabakiwa na muda wa feri kwenda na kurudi, nusu saa ya adhuhuri wateja wanapopungua, na saa moja usiku baada ya isha, hiyo ikiwa stima haijapotea. Nikaweka makisio ya kurasa ngapi naweza kusoma kwa saa nikiwa nimechoka, si nikiwa na nguvu. Hesabu ikanipa vitabu vinne.

Vinne! Mwanzoni nilisikia kama nimenyang'anywa kitu. Baadaye nikaona kwamba namba ile ndiyo iliyonifungua. Ukiwa na nafasi kumi na moja unaokota. Ukiwa na nafasi nne huna budi kuchagua. Mdogo wangu yuko chuo sasa, na kila likizo ikikaribia hunitumia picha ya orodha aliyoitoa mahali. Mimi humuuliza kwanza atakuwa wapi saa ngapi, na nani atakuwa naye chumbani. Hudhani nimekwepa swali lake.

Namna ya kuchagua sikufundishwa na msomaji wa vitabu. Nilifundishwa na wateja wa Shangazi. Mwenye kununua leso kwa dhati haishii kwenye rangi. Anaomba ifunguliwe yote, jozi nzima, iliyokunjwa ikatandazwa juu ya kaunta. Anatazama pindo kama limenyooka, anatazama mji wa katikati, kisha anainama kusoma jina, yale maneno yaliyochapwa juu yake. Hapo ndipo biashara inapokaa. Nimeona mama akirudisha leso nzuri kupita zote kwa kuwa jina lake halikuwa na mtu wa kuambiwa. Na nimeona mwingine akichukua leso ya rangi asiyoipenda, akaisoma mara mbili, akasema, "Hii ndiyo, maneno yake nina mwenyewe nyumbani."

Siku moja nilimuuliza Shangazi kwa nini haharakishi watu kama maduka mengine.

"Mama," aliniambia, huku akikunja, "leso inakaa na mtu miaka. Mwache aulize moyo wake kama ana haja nayo."

Nikayachukua maneno yale nikaenda nayo kwa mzee mmoja anayepanga vitabu vya mitumba kando ya barabara, karibu na Mwembe Tayari. Zamani ningepita nikisoma migongo ya vitabu tu, nikitafuta majina niliyowahi kuyasikia. Safari hii nilimwamkia, nikamwomba ruhusa ya kufungua.

"Fungua, mwanangu," akasema. "Karatasi haipungui kwa kutazamwa."

Nikawa nafungua ukurasa wa kwanza na mwingine wowote wa katikati, nasoma kwa sauti ya chini. Ukurasa wa kwanza huwa umepambwa kwa wageni. Wa katikati ndio unaokuonyesha nyumba inavyoishi siku za kawaida. Nikafungua vingi nikavirudisha. Halafu nikakuta kitabu chembamba, jalada limefifia, jina neno moja: Kuli.

Hapa lazima nieleze jambo la nyumbani kwetu. Shangazi alizaliwa 1947, na maisha yake yote watu wa ukoo wamesema alizaliwa "mwaka wa mgomo". Nilikua nikisikia hivyo, kama wengine wanavyosema mwaka wa njaa au mwaka wa mafuriko. Mgomo gani, wa nani, uliishaje, sikuwahi kuuliza. Babu yangu, baba yao Shangazi na Baba, alikuwa kibarua wa bandari ya Kilindini, na Baba naye akafuata njia hiyo hiyo mpaka alipostaafu. Babu alifariki kabla sijazaliwa. Nyumba nzima ilikuwa imejengwa kwa pesa za bandarini na mimi nilikuwa sijui lolote kuhusu kazi ile, zaidi ya kwamba Baba alirudi amechoka.

Kwa hiyo neno lile moja juu ya jalada lilikuwa na mtu wa kuambiwa. Kitabu ni cha Adam Shafi, kilitoka 1979, na kinasimulia maisha ya wapagazi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa 1948. Nililipa shilingi mia moja na hamsini. Ndani yake, katikati ya kurasa mbili, palikuwa na risiti ya zamani iliyofutika maandishi yote.

Usiku ule nilianza kukisoma peke yangu barazani, na Baba alikuwa amekaa pale pale na kikombe chake cha kahawa. Akaniuliza nasoma nini. Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hebu nisomee."

Baba si mtu wa riwaya. Husoma gazeti likimfikia, na mara nyingi huanza na habari za meli. Nilimsomea kurasa tatu, akanikatiza. Jambo fulani la upakiaji, akasema hapa Kilindini halikuwa likifanywa hivyo. Akanieleza lilivyofanywa. Nikaendelea, akanikatiza tena. Usiku wa pili alikuja barazani kabla yangu. Alikuwa na desturi, nikinyanyuka kumletea maji, ya kuweka kidole gumba juu ya mstari nilioishia ili usipotee. Kucha ya kidole kile imekufa tangu nikiwa mdogo. Nimeiona miaka yote, lakini nilikuwa sijawahi kuitazama mpaka nilipoikuta imelala juu ya sentensi inayozungumzia mizigo. Nikamuuliza. Akaniambia ni mnyororo, akanitajia na gati na jina la aliyemfunga kitambaa. Alinieleza kazi ilivyokuwa kabla makontena hayajashika bandari, gunia juu ya mgongo wa mtu, na vibarua wakisubiri langoni asubuhi bila kujua nani ataitwa na nani atarudi nyumbani mikono mitupu.

Tulichukua wiki tatu kumaliza kitabu ambacho peke yangu ningekimaliza kwa siku nne. Nusu ya muda sikuwa nasoma, nilikuwa nasikiliza. Ningekichagua kwa kufuata orodha, au kwa kutaka idadi, ningemwambia Baba asinikatize.

Cha feri kilikuwa kingine, na hapa nilikosea kabla ya kupatia. Nilidhani feri inataka hadithi nyepesi, ya mbio. Nikachukua riwaya ya upelelezi. Haikufaa hata kidogo. Anayevuka Likoni kwa miguu anajua: unasubiri umesimama katika msongamano, lango linafunguliwa, watu wanamiminika, unasukumwa hadi ndani, unashika ulichonacho, na kabla hujakaa sawa mko ng'ambo. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache. Kila nilipofikia pazuri nakatizwa, na nikirudi jioni nimesahau nani alikuwa amejificha wapi. Nikaiacha kwenye ukurasa wa sabini. Likizo ya kwanza ningejilazimisha. Safari hii niliirudisha kwa yule mzee akanibadilishia kwa kuongeza kidogo.

Feri inataka shairi. Hilo naliamini hadi leo. Niliazima maktaba diwani ya Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa hapa hapa Mombasa, na nikajiwekea shairi moja kwa kila safari. Beti fupi, unasoma mbili, unainua macho unatazama maji, unarudi. Mashairi yale aliyaandika gerezani kati ya 1969 na 1972, mengine kwa siri juu ya karatasi za chooni, baada ya kufungwa kwa kuandika kijikaratasi kilichouliza Kenya inaelekea wapi. Alipohukumiwa alikuwa na miaka 22. Mimi siku zile nilikuwa na 21. Nilikuwa nalalamikia foleni, na mkononi nina maneno ya kijana wa rika langu ambaye hakuwa na hata karatasi.

Lakini nikiri kwamba wiki ya kwanza nilikuwa napita juu juu tu. Sisi ni Wadigo wa Likoni, na Kiswahili changu kingine nimekipata shuleni. Diwani ile imejaa Kimvita, Kiswahili cha wenyeji wa Mombasa. Neno kama "mato" kwa macho nililijua, mengine yalinipita. Nilikuwa nikisoma kimya kimya, kwa macho, kama ninavyosoma taarifa ya fedha. Aliyenitoa gizani ni mzee wa duka la jirani, mwenyeji wa Kibokoni, aliyenikuta na kitabu adhuhuri moja. Akakichukua, akavaa miwani, akasoma ubeti. Hakuusoma, aliughani. Sauti yake ilipanda kwenye kipande cha kwanza na kutua kwenye cha pili, na vina nilivyokuwa naviona kama mapambo ya mwisho wa mstari vikawa ndivyo vinavyoubeba mstari wenyewe. Kwa maneno manne nisiyoyajua, mawili yalijieleza yenyewe baada ya kusikika, na mawili alinieleza.

"Shairi halisomwi mdomo umefungwa, binti yangu," akasema, akanirudishia.

Kuanzia hapo nilikuwa naghani kwa sauti ya chini kwenye feri, na pale kelele ni nyingi hata hakuna aliyenisikia.

Masika ya Mei yalinipata siku moja nikishuka kwenye feri. Mvua ilikuja na upepo, mfuko wangu ulikuwa wa kitambaa, na nilipofika dukani diwani ya maktaba ilikuwa imelowa kuanzia katikati hadi nyuma. Shangazi aliipangusa kwa leso kuukuu, tukaweka karatasi laini kila baada ya kurasa chache, tukaisimamisha wazi mbele ya feni siku nzima. Ilikauka, lakini ilibaki na mawimbi. Niliirudisha nikaeleza ukweli, nikalipa. Tangu hapo kitabu cha watu hakitoki nyumbani kwangu bila kufungwa plastiki, na kwa Mombasa nasema hivyo kwa miezi yote, si ya mvua tu. Usikiache dirishani usiku, na usikibane rafuni hadi kisipumue. Ukungu huweza kuanzia kwenye gundi ya mgongo, na ukishauona nje, ndani huenda umeshafika mbali.

Kitabu cha tatu nilikitoa kwenye sanduku la shule. Utengano, riwaya ya Said Ahmed Mohamed, ilikuwa kitabu chetu teule kidato cha nne. Niliisoma mara tano nzima na ninaweza kusema sikuisoma kabisa. Nakala yangu ilikuwa nyekundu kwa wino: "maudhui", "sifa za mhusika", "swali la dondoo". Kwa hofu ya mtihani nilikuwa namwendea Maimuna, mhusika wake mkuu, kutafuta alama nne. Sikuwahi kukaa naye. Miaka mitatu baadaye niliifungua upya mchana mmoja wa Jumapili, nikaweka kalamu jikoni makusudi, mbali na mkono. Bado kidole changu kilitaka kupiga mstari. Ilinichukua sura tatu kuacha kujiuliza mtahini angetaka nini. Baada ya hapo nilimwona msichana aliyefungiwa na baba yake, na nikaona hasira yangu ikipanda mahali ambapo shuleni niliandika tu "mfumo dume" nikapewa alama. Ninamwambia kila mwanafunzi anayenisikiliza: katika vitabu vyako vya likizo weka kimoja ambacho mtihani ulikunyang'anya. Huenda kikawa bora kuliko vyote vipya.

Vya kwenye simu sitavisema sana. Nilikuwa na makumi ya faili nilizopewa kwa mafungu, na kuwa nazo kulinipa raha ya uongo kwamba nimesoma. Simu inafaa kutafutia maana ya neno. Usiku, stima ikipotea, chaji ni ya kupiga simu.

Nafasi ya nne niliiacha wazi. Hili lilikuwa gumu kuliko yote, kwa maana nafasi tupu inakukaribisha kuijaza. Niliisubirisha mpaka Kuli ilipokwisha, na ilipokwisha swali lilikuwa limekomaa lenyewe. Baba alijua mambo ya bandari ya wakati wake. Ya mwaka aliozaliwa dada yake alikuwa na vipande tu alivyoachiwa na Babu, kwamba kulikuwa na mikutano ya hadhara, kwamba walikula mihogo mitupu siku nyingi. Kwa hiyo mwezi wa nane, Idi imeshapita na duka limetulia, nilikwenda maktaba na kuomba chochote cha historia ya wafanyakazi wa Mombasa. Nilipewa kitabu cha Kiingereza, kizito, cha wanazuoni, ambacho Mei nisingekigusa. Nilikisoma kwa kiu, sura moja tu iliyonihusu, nikinakili daftarini.

Siku iliyofuata, saa ya adhuhuri, nililifungua daftari juu ya kaunta na kumsomea Shangazi kwa Kiswahili changu. Kwamba mgomo ulianza Januari 1947. Kwamba haukuwa wa bandari peke yake. Walikuwemo wa reli, wa hotelini na watumishi wa majumbani. Kwamba waligoma takriban watu 15,000, na mji ukasimama karibu wiki mbili.

Shangazi alikuwa anakunja leso. Alifika nusu, akaacha mikono palepale.

"Elfu kumi na tano?"

"Ndivyo kilivyoandikwa, Shangazi."

"Nami nilidhani ni baba na wenziwe wachache," akasema. Aliitandaza tena ile leso yote juu ya kaunta, akailainisha kwa viganja hadi kwenye pindo. "Rudia pale mwanzo. Polepole."